Kiswahili cha Askari na Simu ya Mkononi

Hapa Uganda Kiswahili kimekaa kambini miaka mingi kuliko kilivyokaa darasani. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo raia wengi wamekisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabara, na Kiswahili cha amri peke yake hakimfanyi mwanakijiji atoe habari.

Askari aliye katika kituo cha mpakani hana mwalimu. Simu anayo. Huko Bangladesh, mradi wa BBC Janala ulioanza Novemba 2009 ulifundisha Kiingereza kwa simu ya kawaida: mtu alipiga namba 3000, akasikiliza somo la dakika 3, akakata. Intaneti haikuhitajiwa. Utaratibu wa namna hiyo wawafaa watu ambao zamu zao hazifuati ratiba ya shule.

Lakini somo lihifadhiwe mapema na lisikilizwe wakati wa mapumziko. Kwenye lindo simu izimwe kabisa, kwani mwanga wake na mawimbi yake huweza kumwonyesha adui mahali alipo mlinzi.

Tena simu husema tu. Haijui kuona haya wala kujibu salamu. Kwa hiyo jioni askari ayatamke aliyoyasikia mbele ya mwenzake anayekijua Kiswahili, na kesho yake akutanapo na mzee sokoni aanze kwa “Shikamoo, mzee, habari za hapa?” kabla ya kumwuliza kitambulisho.