Kuwafundisha Watoto Namna Seli Inavyojisafisha, na Hila ya Virusi vya UKIMWI

Mwalimu wa Sayansi katika shule za Geita au Kahama hana budi kulitarajia swali hili kutoka madarasa ya juu: "Kwa nini mwili hauwezi kuviondoa wenyewe virusi vya UKIMWI?" Aghalabu jibu hutolewa kwa mfano wa askari na adui. Mfano huo haukosi maana, lakini unaficha jambo moja kubwa: kirusi hakipigani na seli tu, bali huzitumia kazi za seli kwa faida yake. Makala hii inakusudia kumwonyesha mwanachuo njia ya kulieleza jambo hilo.

Kwanza, mwalimu na alielewe somo lenyewe. Sehemu za seli huchakaa kila siku. Seli huunda mfuko wa utando, ukaizingira sehemu iliyochakaa au kijidudu kilichoingia. Kisha mfuko huo huungana na lisosomu, yaani kifuko chenye vimeng'enya, na vilivyomo huvunjwavunjwa, vikatumika kujengea upya. Kazi hii huitwa otofajia, neno lililotungwa mwaka 1963 na Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kujila. Mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa kazi hiyo katika seli za hamira.

Pili, hila ya kirusi. Virusi vya UKIMWI huingia katika chembe nyeupe za damu za aina ya CD4, na pia katika makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Uchunguzi wa maabara katika makrofaji umeonyesha kuwa hatua za mwanzo za otofajia hukisaidia kirusi kuiandaa Gag, protini inayounda kiunzi cha virusi vipya. Lakini hatua ya mwisho ingekiangamiza. Kwa hiyo protini yake nyingine, Nef, huizuia mifuko isikamilishe kazi yake.

Tatu, zana ya kufundishia. Watoto wa machimboni wanaujua mwalo: mawe ya dhahabu husagwa kwenye karasha, huoshwa, na mchanga unaobaki, yaani marudio, hauachwi bali huchenjuliwa tena. Seli nayo haitupi kitu ovyo. Waeleze watoto juu ya mwizi aliyeingia katika eneo la kazi: anawaacha wachukuzi wajaze mifuko, kwa kuwa humo anapata anachokitaka, lakini anaifunga njia iendayo kwenye karasha. Waigize kwa mifuko ya karatasi na mchanga wa kawaida. Marudio halisi yasiletwe darasani kamwe, kwani huwa na zebaki, ambayo ni sumu. Baada ya igizo, waulize mfano huo unapungukiwa wapi. Jibu mojawapo ni kwamba karasha husaga kwa chuma, ilhali lisosomu huvunja kwa vimeng'enya.

Hapa pana hatari ambayo mwalimu lazima aizuie. Seli ikikosa chakula, otofajia huongezeka. Mtoto akilisikia hilo nusunusu, huenda akafika nyumbani na kusema kuwa njaa inatibu UKIMWI. Hilo ni kosa linaloweza kuua. Mgonjwa anahitaji chakula bora na dawa za kufubaza virusi, ambazo Serikali imekuwa ikizitoa bila malipo tangu mwaka 2004. Dawa hizo huzuia virusi visizaliane, lakini haziziondoi nakala zilizojificha ndani ya jeni za seli. Ndiyo sababu hunywewa kila siku, na mtu akiziacha, virusi huibuka tena. Anayezinywa sawasawa huweza kuishi miaka mingi.

Mwisho, mwanachuo akumbuke kuwa katika darasa lake huenda yumo mtoto anayezinywa dawa hizo. Asiulize ni nani, wala asimtazame yeyote anapolitaja jambo hili. Kwa tathmini, ampe kila mwanafunzi kazi ya kueleza kwa maneno yake kwa nini dawa hunywewa kila siku. Mtoto atakayeweza kuieleza sababu hiyo nyumbani, bila kumdharau mgonjwa, atakuwa amelielewa somo.