Jinsi bendi za metali zilivyovuma bila msaada wa redio

IMEZOELEKA kuaminiwa kwamba mwanamuziki asiyechezwa redioni hana lake. Hata hapa nchini, wasanii hulalamika kwamba nyimbo zao hazipewi nafasi hewani, na kilio hicho kina msingi. Lakini historia ya bendi kongwe za roki nzito, muziki wa magitaa yenye mngurumo uitwao metali, yaonyesha njia nyingine, japo si nyepesi.

Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, ilitoa albamu yake ya kwanza mnamo 1970. Mwaka uo huo, wimbo wake ‘Paranoid’ ulifika nambari nne katika chati ya nchi hiyo. Ulitungwa harakaharaka ili kujaza nafasi iliyosalia katika albamu ya pili, na haufiki dakika tatu.

Ufupi huo ulikuwa na thamani. Kituo cha kibiashara huishi kwa matangazo, na wimbo wa dakika nane humpa msikilizaji asiyeupenda muda tele wa kuhamia kwingine. Msimamizi wa vipindi si lazima auchukie muziki ndipo aufungie mlango. Anahesabu dakika tu.

Metallica, iliyoundwa Los Angeles mnamo 1981, ilifungiwa mlango huo kwa miaka mingi. Kaseti yake ya majaribio ya 1982 ilinakiliwa na mashabiki na kupita mkono kwa mkono, mji hadi mji. Albamu ‘Master of Puppets’ ya 1986 haikuwa na video, na redio karibu hazikuigusa. Wimbo uliobeba jina la albamu hiyo huchukua zaidi ya dakika nane. Bendi ikazunguka Marekani ikifungua matamasha ya Ozzy Osbourne, na kabla ya mwaka huo kwisha, albamu ilikuwa imetimiza nakala nusu milioni nchini humo.

Mambo yaligeuka mnamo 1991. Chini ya mtayarishaji Bob Rock, Metallica ilitoa albamu yenye nyimbo fupi zaidi, ukiwemo ‘Enter Sandman’. Redio zikaipokea, na nakala zaidi ya milioni 16 zikauzwa Marekani. Baadhi ya mashabiki wa awali waliuita huo usaliti. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Bendi ilibadilika, naam, lakini haikwenda redioni kuomba: ilikwenda na umati wake, ambao hakuna kituo kingeweza kuupuuza tena.

Hasara ilikuja baadaye, kimyakimya. Vituo vinavyocheza roki ya kale hurudia nyimbo zile zile chache, hivi kwamba msikilizaji anayetegemea redio pekee aweza kudhani Black Sabbath, yenye albamu 19 za studio, ilitunga nyimbo mbili tatu.

Mnamo 2022, tamthilia ya ‘Stranger Things’ ilimwonyesha kijana akiucharaza kwa gitaa wimbo ‘Master of Puppets’. Wiki chache baadaye, miaka 36 tangu utolewe, wimbo huo uliingia kwa mara ya kwanza katika chati kuu ya Billboard, Marekani. Ulishika nambari 40, na dakika zake nane zote.