Mazoea Hayang'oki kwa Nia Pekee

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, na kuvuka Ghuba ya Mwanza, ambako kulitegemea vivuko, kukawa mwendo wa dakika chache. Kabla ya hapo, mtu wa Sengerema au Geita mwenye shughuli mjini Mwanza aliipanga siku yake yote kwa kukisia foleni: aamke saa ngapi, ale wapi, arudi lini. Pande zote mbili za ghuba kulikuwa na wachuuzi walioishi kwa foleni hiyo. Daraja limeondoa kusubiri, na pamoja na kusubiri limeondoa ratiba, wateja na hata visingizio. Wanaoishi kando ya barabara hiyo sasa wako katika hali ambayo wataalamu wa tabia wanaijua vizuri, nayo inatufundisha jambo moja kubwa. Mara nyingi mtu hukwama maishani si kwa kukosa nia, bali kwa sababu mazingira yale yale humwita kwenye matendo yale yale. Anayetaka kujinasua aanze na mazingira. Na yakibadilika yenyewe, asiiache nafasi hiyo ipite.

Mwanasaikolojia wa Marekani Wendy Wood na watafiti wenzake wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya tunayoyafanya kila siku hatuyaamui upya. Tendo likirudiwa mahali pale pale, saa ile ile, na watu wale wale, ubongo hulifungamanisha na mahali hapo, na mkono hutangulia kabla ya wazo. Ndiyo maana maazimio mengi ya Januari hayafiki mbali: nia imebadilika, lakini njia ya kwenda kazini, kijiwe cha jioni na simu iliyo kando ya mto ni vile vile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Wood na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliohamia chuo kikuu kingine, wakaangalia mazoea yao ya kufanya mazoezi, kusoma magazeti na kutazama televisheni. Mazingira mapya yalipofanana na ya zamani, mazoea yaliendelea. Yalipotofautiana, mazoea yalilegea, na alichokusudia mwanafunzi ndicho kikaanza kumwongoza. Nia ina nguvu, ila hupata nafasi ya kutawala pale mazoea yanapopoteza kishikio chake.

Ushahidi mwingine unatoka London. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi waligoma kwa siku mbili, vituo vingi vikafungwa, na abiria wakalazimika kutafuta njia nyingine. Wachumi waliochambua takwimu za kadi za nauli waliona kuwa baada ya mgomo takriban asilimia 5 ya walioguswa hawakurudi kwenye njia yao ya awali. Hao ni watu waliokuwa na kila sababu ya kutafuta njia bora, asubuhi na jioni, na hawakuipata mpaka walipozuiwa kupita walikozoea.

Wakazi wa ziwa letu, Ziwa Victoria, wameyaishi haya kwa kiwango kikubwa zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ghuba ya Mwanza ilijaa samaki wadogo waitwao furu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka kwa kasi, furu walipungua vibaya ndani ya miaka michache. Wavuvi walibadili nyavu, wachuuzi wakajifunza kukaanga na kubanika samaki mkubwa mwenye mafuta mengi asiyekauka juani kama furu, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaenea Mwanza. Ziwa lenyewe lilikuwa limeyakatiza mazoea yao. Sasa linganisha na dagaa. Kuwaanika juu ya chanja za wavu kunajulikana: hewa hupita juu na chini, mchanga haushiki, na mvua ikitishia ni rahisi kuwafunika. Hata hivyo, kwenye mialo mingi dagaa bado hutandazwa mchangani asubuhi, wakageuzwa jua linapopanda, na wakaliwa wakiwa na chembe zinazokwaruza meno. Mchanga upo, hauuzwi, na hakuna kilichowahi kuukatiza.

Atatokea wa kusema kuwa huo si mkwamo wa mazoea, ni umaskini: chanja ni mbao, nyavu na misumari, na vyote vinataka fedha. Pingamizi hili ni la haki, na utafiti unaliunga mkono. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya kufikiri walivyowapa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima wale wale walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kuliko baada ya kulipwa. Dhiki huchukua nafasi akilini. Lakini tusihitimishe kuwa maskini hawezi kubadilika. Tuhitimishe kuwa kumhubiria ajitume ni kumwongezea mzigo. Kinachomfaa ni mabadiliko madogo yasiyodai ujasiri wa kila siku: kikundi cha akiba na mikopo cha VICOBA kinachochangia chanja moja, na hatua inayoanza baada ya mauzo mazuri badala ya wakati wa njaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: si kila badiliko ni heri. Sangara alileta fedha za kigeni, lakini aina nyingi za furu zinadhaniwa kutoweka. Daraja limemwokoa mgonjwa anayewahishwa hospitali, na limempokonya mchuuzi wa kivukoni wateja wake. Kwa hiyo kupokea mabadiliko hakumaanishi kuyashangilia, wala kumwambia aliyepoteza kuwa hasara yake ni baraka. Maana yake ni kukiri kuwa ya jana hayarudi, kisha kujaribu jipya kwa kiwango ambacho likishindikana halitaiangusha nyumba. Hata kule London wengi walirudi kwenye njia yao, na wale ambao njia hiyo ilikuwa bora kwao tayari hawakukosea.

Namna ya kujaribu inajulikana. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kuwa anayepanga saa na mahali hutekeleza zaidi kuliko anayeahidi tu. "Nitaweka akiba" ni ahadi. "Nikishalipwa mwaloni, kabla sijapanda bodaboda, nitatuma akiba kwa mhazini" ni mpango. Nao utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kuwa tendo jipya lilizoeleka kwa wastani wa siku 66, huku watu wakitofautiana kati ya siku 18 na 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi anayejilaumu kwa kulegea wiki ya pili anajionea bure. Na ambaye hakujengewa daraja wala kukatiziwa chochote, ajikatizie mwenyewe: abadilishe saa ya tendo lake, mahali pake, au watu anaolifanya nao. Akingoja ari ije kwanza atangoja sana, kwa kuwa ari nayo hulishwa na mazingira anayoyakwepa kuyagusa.