Taa Ndogo ya Manjano: Tusiizime Bure

Siku hizi jamaa nyingi zinapata chakula kwa njia ya motokari. Baba anaendesha teksi. Mjomba anapeleka samaki na mihogo sokoni. Mama anapanda kila juma pamoja na mizigo yake. Motokari ikisimama vema, wote wanarudi nyumbani jioni. Isiposimama, kuna nyumba itakayolia. Kwa hiyo leo twataka kuzungumza habari ya kitu kidogo sana: uzi wa umeme, mwembamba kuliko kamba ya kiatu, uliofichwa karibu na gurudumu. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumwambia shofere kwamba freni zake zinakwisha. (Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema breki, ni kitu kile kile.)

Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana si haki kuwaonya wengine na kuficha la kwetu.

Sisi walimu wanne tulinunua kwa shirika motokari moja iliyokwisha kutumika Ulaya. Siku moja taa ya manjano iliwaka katika tablo, mbele ya shofere. Tukaenda kwa fundi. Akaondoa gurudumu, akatazama kwa tochi, akasema: «Bwana Mwalimu, plakete za mbele zimekwisha. Yafaa kubadilisha zote nne, pamoja na uzi wake wa onyo.» Akataja bei. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa masomo, na fedha yetu ilikuwa imekwenda yote kwa ada na madaftari ya watoto. Tukamwuliza: «Je, hakuna njia nyingine?» Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: «Njia ya kuzima taa iko. Njia ya kuponya freni bila plakete haiko.»

Tukachagua kuzima taa. Fundi alikata uzi, akaunganisha ncha zake mbili, akazifunika kwa utepe mweusi. Taa ikazimika. Tukafurahi kama watu waliolipa deni. Kumbe tulikuwa tumeichana barua ya mdai tu.

Majuma matatu baadaye tulikuwa tukishuka mtelemko mrefu. Pamoja nasi alikuwamo mtoto wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa akipelekwa kwa nyanya yake. Tukasikia sauti ya chuma kikisaga chuma. Aliyekuwa akiendesha akakanyaga freni. Kanyagio likazama kuliko desturi, motokari ikavuta upande mmoja, lakini haikusimama. Akatia vitesi ya chini, akavuta freni ya mkono, akaiegemeza motokari kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima. Upande wa pili palikuwa na korongo. Hakuna aliyekufa. Mtoto alipiga uso juu ya kiti, akapasuka mdomo. Jeraha lilipona kwa siku chache, lakini baba yake hasahau hata leo ile damu juu ya shati jeupe la shule. Nasi wengine hatusahau, kwa sababu siku ile ya kukata uzi tulikuwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Freni hufanyaje kazi?

Hebu tutazame ndani ya gurudumu. Katika motokari nyingi za leo, kila gurudumu la mbele huzunguka pamoja na sahani ya chuma iitwayo disiki. Disiki hiyo hukaa katikati ya plakete mbili, kama mkate kati ya vidole viwili. Shofere akikanyaga, mafuta ya freni husukuma pistoni, na pistoni husukuma plakete zibane disiki. Kwa kusuguana huko mwendo hugeuka kuwa joto, na motokari hupungua mbio.

Kila msuguano hula kidogo. Plakete mpya huwa na unene wa kusugulia wa karibu 10 hadi 12 mm. Zikibaki na 3 mm hivi, mafundi wengi husema wakati wa kuzibadilisha umefika. Haziishi muda ulio sawa: moja huenda zaidi ya 50,000 km, nyingine haifiki hata 20,000. Yategemea mzigo, milima, matope, na hasa mguu wa shofere.

Lakini kwa nini tuhitaji taa? Je, mguu wenyewe hauwezi kutambua? Jibu lake liko katika historia ya freni. Freni za zamani zilikuwa za ngoma: ndani yake viatu viwili vilitanuka na kusugua ngoma ya chuma. Viatu vilipoliwa, kanyagio lilishuka chini zaidi siku kwa siku, na shofere akajua kwamba yafaa kwenda kwa fundi. Freni ya disiki ilibuniwa zamani vilevile. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1902. Lakini sifa yake ilienea hasa baada ya mwaka 1953, Jaguar iliyokuwa na disiki iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1955 Citroën ilitoa motokari yake DS, yenye disiki mbele, kwa watu wa kawaida.

Basi, freni ya disiki ina wema wake na ina hila yake. Kadiri plakete inavyoliwa, pistoni yenyewe husogea mbele na kuziba nafasi. Kanyagio hubaki pale pale, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Mguu hausikii lolote, mpaka chuma kiguse chuma. Ndiyo sababu wajuzi walitafuta njia nyingine ya kumwonya shofere.

Namna mbili za onyo

Namna ya kwanza haina umeme. Ni kibati kidogo cha chuma kilichopigiliwa juu ya plakete. Plakete ikibaki nyembamba, kibati hugusa disiki na kutoa sauti kali na nyembamba, kama filimbi. Mara nyingi sauti hiyo husikika motokari ikitembea, nayo hunyamaza shofere akikanyaga freni. Hapo wengi hudanganyika na kusema: «Freni ni nzima, maana nikikanyaga kelele inakwisha.» Kumbe hilo ndilo onyo lenyewe! Motokari nyingi za Japani, zifikazo mashariki ya Kongo kwa njia ya Mombasa na Dar es Salaam, zina kibati hiki. Lakini tusichanganye mambo: kelele ya asubuhi baada ya mvua, inayokwisha baada ya kukanyaga mara chache, kwa kawaida ni kutu nyepesi tu juu ya disiki.

Namna ya pili ni ya umeme. Ndiyo kihisi, ambacho mafundi wetu, wakifuata Kifaransa, hukiita kapteri. Ndani ya kipande kidogo cha plastiki hupita uzi wa umeme, na kipande hicho huchomekwa katika plakete. Plakete ikiliwa mpaka kiasi kilichowekwa, disiki huanza kukila kihisi nacho. Katika motokari nyingi za BMW, uzi ni kitanzi. Disiki ikikikata, umeme hukatika na taa huwaka. Katika nyingi za Mercedes-Benz ni kinyume: ncha ya uzi hugusa disiki ya chuma, umeme hupata njia, na taa huwaka. Tena viko vihisi vyenye hatua mbili: hatua ya kwanza ikikatwa, kompyuta ya motokari hukadiria kilometa zilizobaki, ya pili ikikatwa, husema kwamba wakati umekwisha.

Twaona basi kwamba kihisi hujitoa chenyewe ili kituonye. Kikiisha kukatwa hakiponi. Hatuna budi kuweka kipya pamoja na plakete mpya, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya plakete zenyewe. Atakayeunganisha ncha zake, kama tulivyofanya sisi, amemziba mlinzi mdomo.

Tujue pia kutofautisha taa. Alama ya plakete zilizokwisha ni duara lenye vistari vilivyokatika-katika kushoto na kuume, nayo kwa kawaida ni ya manjano. Duara jekundu lenye alama ya mshangao ni neno jingine: huenda freni ya mkono imevutwa, au mafuta ya freni yamepungua. Freni ya mkono ikiwa imelegezwa na taa nyekundu ingali inawaka, tusimame mahali pa salama bila kukawia. Tena mafuta kushuka chupani yaweza kuwa dalili ya plakete kuliwa, maana pistoni zilizosogea mbele zimeacha nafasi nyuma yake, na mafuta yameijaza. Anayeongeza mafuta kila mara bila kutazama plakete wala kutafuta mahali yanapovuja anaficha dalili tu.

Kihisi hakioni yote

Lakini tusiitegemee taa peke yake. Motokari nyingi hazina kihisi katika kila gurudumu. Katika BMW nyingi kuna kimoja mbele na kimoja nyuma, basi. Kishikio cha plakete kikikwama kwa kutu au matope katika gurudumu lisilo na kihisi, plakete ya huko yaweza kwisha kabisa na taa isiseme lolote. Tena yaweza kuwaka bila sababu ya plakete, kwa kuwa jiwe au tawi limekata uzi. Nazo freni za ngoma, zilizo nyuma katika motokari nyingi, kwa kawaida hazina kihisi.

Kwa hiyo jicho la mtu halina badala. Kwa kila safari kubwa, na kila gurudumu linapoondolewa kwa kazi nyingine, tutazame unene wa plakete. Rula ya mtoto wa shule yatosha.

Mtelemko hausamehe

Wanaoijua barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira watatuelewa. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa karibu 1,460 m juu ya bahari. Ziwa Tanganyika karibu 770 m. Basi, kutoka ziwa moja hadi jingine motokari hushuka karibu 690 m. Tukipiga hesabu kwa motokari ya kilo 1,500, nguvu ya mshuko huo, kama ingegeuzwa yote kuwa joto, ingechemsha karibu lita 30 za maji. Ni zaidi ya mara 25 ya nguvu ya kuisimamisha motokari hiyo hiyo mara moja kutoka mwendo wa 80 km kwa saa. Nguvu hiyo haiji yote kwa mpigo mmoja, tena upepo na motere huchukua sehemu yake. Lakini shofere anayeshuka vitesi ikiwa huru, ati kwa kuokoa mafuta, anazibebesha plakete mzigo ambao motere ingewasaidia kuubeba. Plakete zilizochakaa hupata joto upesi, joto hupenya mpaka kwenye mafuta ya freni, na mafuta yakichemka, kanyagio huzama bure.

Tufanye nini?

Kwanza, taa ikiwaka au filimbi ya chuma ikisikika, tusingoje mwisho wa mwezi. Tupunguze mwendo na mizigo, twende kwa fundi katika siku zile zile.

Pili, tubadilishe plakete za magurudumu mawili ya mstari mmoja kwa pamoja, kushoto na kuume, ili motokari isivute upande.

Tatu, tuhakikishe kwamba uzi mpya umefungwa mahali pake, usije ukasuguliwa na mpira.

Nne, vumbi la freni tusilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Tulifute kwa kitambaa kilicholowa. Plakete za zamani zilikuwa na asibesto, iharibuyo mapafu.

Tano, mteremkoni tutie vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka.

Na sita, fedha ya freni itengwe mbali na fedha nyingine. Baba wa teksi aweke sehemu ndogo kila juma katika kopo lake peke yake. Mama naye na aulize bila haya: «Baba, plakete zimetazamwa lini?» Swali hilo si dharau kwa mume. Mke aulizaye hivyo analinda chakula cha watoto, na watoto wenyewe. Hata abiria ana haki ya kuuliza anaposikia chuma kikilia.

Mwisho wa mambo yetu mtauliza. Tulilipa plakete, tukalipa kihisi, tukalipa na disiki mbili zilizochimbika, na fundi wa kunyosha mabati. Jumla ilipita mara tatu ile bei tuliyoikataa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, tena kwa fedha ya kukopa.

Yule fundi hakutucheka. Alipomaliza kazi alituita, akawasha ufunguo, akatuonyesha tablo. Taa ya manjano iliwaka kitambo kidogo, kama ilivyo desturi yake ya kujipima, kisha ikazimika yenyewe. Akasema: «Mnaona, Bwana Mwalimu? Sasa imenyamaza kwa haki.»