Mgonjwa wa akili naye anahitaji kamati

Ukifiwa, majirani hufika hata kabla hujamaliza kupiga simu. Maturubai yanafungwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, kina mama wanakuja na masufuria. Lakini kijana wa nyumba hiyo hiyo akianza kuongea peke yake usiku, akakataa chakula kwa madai kwamba kimetiwa sumu, mlango unafungwa na mapazia yanashushwa. Mama anabaki naye. Ndugu wanapiga simu kutoa pole, na kila mmoja ana ushauri wake: mganga huyu, mchungaji yule, shehe fulani anayesoma dua.

Simlaumu anayeanzia huko. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba asilimia 48 ya watu waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi uliopitiliza. Katika zahanati na vituo vya afya walikuwa asilimia 24. Mganga yuko karibu, anasikiliza, na anaiita familia nzima. Dua nayo inafariji, wala hakuna daktari mwenye busara atakayemzuia mtu kuombewa. Kinachoniuma ni miezi inayopotea huku kijana akidhoofika, ilhali kliniki iko mwendo wa daladala mbili kutoka kwao.

Kwa sababu swali la “tumpeleke wapi?” wengi wetu hulijibu kwa jina moja: Mirembe. Hospitali hiyo ya Dodoma ni kubwa na ina wataalamu, lakini familia ya Mtwara au Kigoma haina sababu ya kuanzia Dodoma, tena kwa kumfunga mgonjwa kamba ndani ya basi. Anzeni hospitali ya wilaya. Ulizeni dirishani siku za kliniki ya akili. Mara nyingi ina siku zake katika wiki, na utamkuta muuguzi aliyesomea afya ya akili akiwaona wagonjwa hao pamoja na wenye kifafa, kwenye benchi moja. Ikishindikana hapo, ndipo barua ya rufaa inaandikwa kwenda hospitali ya mkoa, na kuendelea juu.

Tahadhari moja. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo amechanganyikiwa huku ana homa, au ameanza kuweweseka baada ya kuanguka na kugonga kichwa, huyo si wa kusubiri siku ya kliniki. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Malaria iliyopanda kichwani huua haraka.

Mkienda kliniki, nendeni na maelezo. Kusema “amechanganyikiwa” hakumsaidii daktari. Kinachomsaidia ni maneno kama haya: tangu mfungo wa Ramadhani halali, anasema redio inamtaja jina, ameacha kuoga, mjomba wake aliwahi kuugua hivi hivi. Kama anavuta bangi au anakunywa, semeni bila kuficha. Andikeni kwenye daftari la kurasa arobaini, liwe la mgonjwa, lisiguswe kwa kazi nyingine. Kuhusu gharama, sera ya msamaha nchini mwetu inayataja magonjwa ya akili miongoni mwa magonjwa sugu yanayotibiwa bure katika hospitali za umma. Mkikwama, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa. Msishangae hata hivyo mkiambiwa dawa imeisha na kutakiwa kuinunua famasi. Hilo hutokea, na ndipo hoja yangu inapoanzia.

Kwa harusi tunaunda kamati: mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, na kila wiki tunakumbushana ahadi. Ugonjwa wa akili nao ni shughuli ya ukoo, tena ya miaka. Unataka mtu wa kutunza dawa na kuhakikisha zimemezwa, mtu wa kumsindikiza mgonjwa siku ya kliniki, na mtu wa kutuma nauli na pesa ya famasi kabla dawa hazijaisha. Unataka pia, na hili ndilo husahaulika zaidi, mtu wa kuja kulala pale nyumbani hata usiku mmoja kwa wiki ili mama naye apate usingizi. Elfu kumi kumi za ndugu wanane, kila mwezi, hufanya kazi ambayo elfu themanini za siku moja haziwezi.

Kamati inafaa pia kwa sababu ya yale yanayotokea baada ya mgonjwa kutoka wodini. Chukulia dawa ya haloperidol, inayotumika sana kwa wanaosikia sauti. Siku za mwanzo inaweza kumkaza mtu misuli: shingo inapinda upande, ulimi unajitokeza, macho yanageuka juu na kugandia huko. Nimeliona hilo kwa ndugu yangu wa karibu. Nyumba nzima ilipiga yowe kwamba jini amerudi, na shangazi akaanza kukusanya dawa azitupe chooni. Tulimpakia kwenye bajaji. Nesi alimtazama mara moja tu, akamchoma sindano, kisha akamgeukia mama: “Mama, pole. Hii ni dawa, si jini. Kaa hapa na mwanao utaona.” Shingo ilinyooka tukiwa bado kwenye benchi. Akaongezewa vidonge vya Artane, na kipimo cha dawa ya kwanza kikapunguzwa. Familia ngapi zimeacha tiba siku kama ile kwa kuwa hakuna aliyewatahadharisha? Kwa hiyo ulizeni kabla ya kuondoka wodini: dawa hii inaitwaje, itamfanya nini, tukiona nini turudi, na je, kuna sindano ya mwezi kwa asiyependa vidonge?

Akipata nafuu, vishawishi vya kuacha dawa huwa vingi. Anasema amepona, na kweli anaonekana amepona. Kuacha au kupunguza kuamuliwe kliniki, si sebuleni.

Wazo la kumtibia mgonjwa karibu na watu wake si la kuletewa jana. Tanzania ilijaribu mapema vijiji vya kilimo ambako wagonjwa waliopata nafuu waliishi wakilima. Hombolo, Dodoma, na Vikuruti, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni miongoni mwavyo. Mwaka 1980 ulianza mpango wa Morogoro na Kilimanjaro, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani, wa kuwafundisha watumishi wa zahanati kuwatambua na kuwatibu wagonjwa hawa huko huko vijijini. Naamini njia ile ilikuwa sahihi, na inastahili fedha zaidi ya inazopata.

Kuna jambo moja bado linazifungia familia ndani: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, mahakama kuu ilikitangaza kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba mwezi Januari 2025. Huku kwetu mzazi aliyemkuta mwanawe amekunywa dawa ya panya bado anawaza polisi kabla ya hospitali. Bunge likifute. Na mzazi, hospitali kwanza. Ndugu akisema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Ondoeni dawa za wadudu na kamba, asiachwe peke yake, na mfike hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, huyo mama. Akianza kulia bila sababu, akikosa usingizi hata siku ambazo mtoto ametulia, chakula kikimshinda, naye anaumwa. Siku ya kliniki ya mwanawe aombe kuonwa yeye pia, na afunguliwe daftari lake. Nauli yake iingizwe kwenye mchango.