Kumbe kukosa karo ni dhambi?

Kabla niache chuo nilifunga siku 21, na kila Ijumaa nilikuwa kesha. Karo haikuja. Lakini kimya cha Mungu hakikuniuma kama yule dada wa ushirika aliyenivuta kando: “Ndugu, tubu. Kuna kitu unaficha.” Aisee!

Marafiki wa Ayubu angalau walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno kabla ya kuanza kumhukumu. Paulo naye aliomba mara 3 mwiba wake uondolewe, ukabaki palepale. Nani humwambia Paulo hana imani?

Bado naomba, ila siku hizi nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Wiki ile nilirudi nyumbani, jirani wa ploti, ambaye kanisa haendi, aliniletea unga. Hakuuliza nimekosea wapi.