Theluji si barafu, na tatu si wastani: Msamiati wa anayepanga likizo ya mlimani

JUMA lililopita nilipokea waraka kutoka kwa kijana niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita. Ni mzaliwa wa hapa Isiolo na sasa anafanya kazi Ulaya. Yeye na wenzake wanne, Waafrika Mashariki watupu, wanapanga kwenda Chamonix nchini Ufaransa, chini ya mlima Mont Blanc, wakateleze thelujini kwa ubao. Wawili wana uzoefu wa misimu mitatu. Watatu waliobaki ni wanagenzi. Lugha inayowaunganisha wote ni Kiswahili, kwa hiyo kijana aliketi akautafsiri mpango mzima, pamoja na maonyo ya usalama. "Prof," akaniandikia, "hebu nipitishie jicho kabla sijawatumia wenzangu."

Sarufi yake ilikuwa safi. Hata hivyo, maneno manne yalinisimamisha. Matatu yangewaharibia likizo tu. La nne lingeweza kumuua mtu. Nimeona niyajadili hapa kwa sababu makosa hayo si yake peke yake. Ni yetu sote tunaoitumia lugha iliyokulia pwani kuzungumzia vilele vyeupe.

Neno la kwanza ni 'juu'. Kijana aliwaonya wenzake kwamba Chamonix ni mji ulio juu sana. Si kweli. Isiolo iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Chamonix uko mita 1,035. Naam, sisi wa Isiolo, tunaotokwa na jasho mchana kutwa, tuko juu kuliko wao! Kinachotutofautisha ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, nao wako mbali nayo kaskazini.

Palipo juu ni vileleni. Kutoka mjini kuna gari linaloning'inia kwenye waya, linalowafikisha watu Aiguille du Midi, mita 3,842, kwa dakika 20 hivi. Linganisha na anayepanda Mlima Kenya kupitia Sirimon. Huyo hulala kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha ya Shipton, mita 4,200, ndipo aikabili Lenana, mita 4,985. Mwili hupewa siku kadhaa za kuzoea hewa nyepesi. Anayeinuliwa mita 2,800 kwa dakika 20 hapewi nafasi hiyo. Kichwa kikianza kumgonga na tumbo kuchafuka, asijione mzembe, ashuke. Kwa hiyo mpango useme wazi: mji uko chini, hatari iko juu, na siku ya kwanza si ya kukimbilia kileleni.

Neno la pili ni 'barafu'. Kijana aliandika, "Tutateleza juu ya barafu laini." Mswahili yeyote anajua kwamba barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, na theluji ni ile chembechembe nyeupe inayoanguka kutoka mawinguni. Mbona basi tunazichanganya? Historia inatusaidia kuelewa. 'Theluji' tumeipata kutoka Kiarabu, ambako neno lake la asili, thalj, hutumika kwa vyote viwili. 'Barafu' imetokana na neno la Kiajemi, barf, ambalo kwa wenyewe lina maana ya theluji, si maji magumu. Neno hilo lilipotia nanga kwenye mwambao usioijua theluji, likapewa kazi nyingine.

Mkanganyiko huu una historia ndefu. Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro na weupe wake kileleni. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba, mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Huko London mwanajiografia William Cooley akawabishia, akikataa kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Nampa heko yule kiongozi. Hakukitaja kitu, alitaja kile ambacho kitu hicho humfanyia mtu, na hakukosea.

Lakini anayepanga kuteleza hawezi kutosheka na 'baridi'. Theluji mpya ni laini, ubao huizama kidogo na mtu akianguka hupokewa vizuri. Ikiyeyushwa na jua mchana kisha ikagandishwa na usiku, asubuhi yake huwa ngumu mithili ya barafu. Hapo makali ya ubao hayashiki, na anayeanguka hutanguliza mikono. Ndiyo maana kuvunjika kwa kifundo cha mkono ni jeraha linalowaandama sana wanagenzi wa mchezo huu. Basi mpango usiseme "barafu laini". Useme: "Asubuhi tukikuta theluji imeganda kuwa barafu, wanagenzi wangoje jua liilainishe. Kila mtu avae kofia ngumu na kinga za mikono."

Neno la tatu ni 'kuteleza' lenyewe. Kwa Kiswahili, kuteleza ni jambo linalompata mtu bila kukusudia. Ndiyo maana wahenga walitufariji kwamba kuteleza si kuanguka. Vyombo vya habari vimelipanua neno hilo likameza michezo yote ya thelujini, hata isiyofanana. Mwaka 1998 Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi, mjini Nagano, Japani. Aliibuka wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja pale mwisho ili amkumbatie. Tukasema Boit "aliteleza". Mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alishindana Pyeongchang, Korea Kusini. Naye tukasema "aliteleza". Lakini Boit alikuwa katika mbio za nyika za kilomita 10, akijisukuma kwa miguu na fimbo, tambarare na vilima. Simader alikuwa akiteremka mlima kwa kasi. Ubao nao ni mchezo wa tatu: miguu yote miwili hufungwa kwenye ubao mmoja, na mikononi hakuna fimbo.

Kuna kitenzi kinachofaa zaidi kwa michezo ya kushuka, nacho ni 'kuserereka', yaani kuteremka kwa kuteleza. Tofauti hii ina faida gani kwa kijana wetu? Katika mpango wake aliandika kwamba siku ya tatu wote watano "watateleza kilomita 20" katika Vallée Blanche, njia mashuhuri inayoanzia Aiguille du Midi. Angeuliza ni wapi watakaposerereka, angegundua kwamba njia ile ina sehemu za tambarare. Mwenye mbao mbili na fimbo hujisukuma akapita. Mwenye ubao mmoja hukwama, akalazimika kufungua mguu na kujikokota. Isitoshe, njia ile hupita juu ya mto wa barafu wenye nyufa zinazoweza kufunikwa na theluji. Haina alama wala askari wa doria kama njia za kawaida, ambazo Ufaransa huzipanga kwa rangi: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa mabingwa. Palipokosa rangi si mahali pa mwanagenzi, na hata mzoefu huenda na kiongozi anayepajua.

Sasa tufike kwenye neno la nne, lililoninyima usingizi. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko ya theluji, chenye viwango vitano. Wakati wa msimu wa baridi, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, Météo-France, hutoa taarifa hiyo kila siku kwa ajili ya milima yake. Kijana alikitafsiri kiwango cha 3 kuwa "hatari ya wastani". Akaongeza, kwa nia njema kabisa: "Ikiwa tatu au chini, twende."

Nilimwelewa. Katika tano, tatu iko katikati, na katikati ndiko kunakoitwa wastani. Mwanafunzi akipata tatu kwa tano amefaulu, sivyo? Lakini kipimo hiki si ngazi yenye vipandio vilivyo sawa. Kila kiwango hupandisha hatari maradufu na zaidi. Kilicho cha wastani ni cha 2. Kiwango cha 3 Wafaransa hukiita kwa neno lenye maana ya kitu kinachojitokeza wazi. Maana yake ni kwamba uzito wa mtu mmoja tu unaweza kulibomoa tabaka la theluji, hasa kwenye miteremko mikali yenye nyuzi 30 au zaidi. Na wengi hufa siku za kiwango cha 3, si cha 5. Siku ya 5 watu hubaki nyumbani. Siku ya 3 jua huwaka, theluji hupendeza, na nambari yenyewe haitishi.

Nilimpendekezea mfululizo huu: hatari ndogo, ya wastani, dhahiri, kubwa, kubwa mno. Sharti lake nalo libadilike: ikifika 'dhahiri', wote wabaki kwenye njia zenye rangi zilizofunguliwa siku hiyo.

Hapa ndipo lugha inapokuwa uhai. Mtu akifukiwa na poromoko, nafasi yake ya kupona ni kubwa katika dakika 15 za kwanza, kisha hupungua kwa kasi. Waokoaji wa nambari 112 ni hodari, lakini aghalabu hawawezi kuwahi dakika hizo. Wa kumfukua ni wenzake waliosalia juu, wenye kifaa cha kunasa mawimbi ya redio, fito ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Vitatu hivyo kila anayetoka nje ya njia huvibeba, na kutumia kimoja bila vingine ni kazi bure. Watano hawa watapigiana kelele kwa Kiswahili. Lazima wakubaliane mapema, wakiwa bado wamekaa na chai yao, neno la kusimama ni lipi, la poromoko ni lipi, na nani atatoa amri. Dakika hizo si za kuulizana, "Ati umesema nini?"

Kijana amenijibu. Vallée Blanche imeondolewa katika mpango wa wanagenzi. Wale wawili wazoefu wataiendea na kiongozi wa kulipwa, ikiwa taarifa ya siku hiyo itaruhusu. Bima yao sasa inataja uokoaji nje ya njia, jambo ambalo awali hawakuwa wameliuliza. Na "wastani" limehamia kiwango cha 2, mahali pake.

Nawe msomaji unayeishi Timau, Nanyuki au Chogoria, na kuuona Mlima Kenya kila asubuhi mawingu yakikuruhusu, niandikie. Lugha yenu ya nyumbani huuita nini ule weupe wa kileleni, na huutofautishaje na umande ulioganda shambani? Kiswahili kinayahitaji maneno hayo.